Kabari ya Mti wa Kahawa

Kuna uchovu wa kulala ukaisha, na kuna uchovu wa kuamka nao. Tupokigwe aliamka nao Jumapili ile ya mwezi wa sita, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni kwa jirani yake Loisi. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa pale pale, upande wa pili wa uzio wa mabanzi, imefagiliwa na kupigwa deki, kitanda kimetandikwa shuka jipya, na ndani hamna mtu. Ilikuwa inamsubiri baba mkwe.

Usimhukumu bado. Tupokigwe ni mkamwana wa Kindali, na mzee Anania, baba wa mume wake, ni Mndali wa milimani kule Ileje, wa wale ambao hawajaacha. Kwa watu wao, mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsemeshi, na kitu hakitoki mkono wake kwenda mkono wa mzee. Kinawekwa chini, kinaokotwa. Wakikutana njiani, mwanamke anachepuka, hata kama kuchepuka ni kuzama kwenye mahindi yenye umande. Siku hizi wengi wameacha mambo hayo, wapo wakwe wanaokaa sebule moja wakagombania rimoti. Mzee Anania hakuwa mmoja wao. Na Tupokigwe aliolewa akiwa msichana mwenye kuogopa kila kitu, akaishika heshima hiyo siku ya kwanza, akazeeka nayo. Uso wa mzee aliujua kwa picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni.

Anayeweza kuiondoa heshima hiyo ni mkwe mwenyewe. Mzee akitaka, anampa mkamwana kitu mbele ya watu, mkono kwa mkono: kuku, kitenge, hata bonge la chumvi. Akishapokea, amefunguliwa. Kuanzia hapo ni binti wa nyumba, anaweza kumsalimia mzee, kumwandalia maji, kukaa naye akaota moto. Ni jambo la kufumba na kufumbua, na Tupokigwe alikuwa ameliomba.

Aliliomba mzee alipoteleza kwenye mteremko wa shamba lake la kahawa akavunjika mguu. Alilazwa, akafungwa hogo la plasta kutoka kifundoni mpaka pajani, na siku ya kuruhusiwa ilipokaribia ukazuka mjadala wa nani akae naye. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki. Luka, mume wa Tupokigwe, ndiye mtoto pekee wa kiume, na Luka ni dereva wa lori, maisha yake ni foleni ya Tunduma, foleni ya Kasumbalesa, na barabara iliyo katikati. Akapiga simu kutoka hukohuko foleni akasema baba ataletwa nyumbani kwake. Akasema kwa sauti ya mtoto mwema, na watu wote wa ukoo wakamsifu.

Tupokigwe akamuuliza: nyumba ina vyumba viwili na sebule, mlango wa kuingilia ni mmoja. Atampelekaje uji mtu ambaye hatakiwi kumwona? Ndoo yake ataimwaga nani? Yeye mwenye nyumba atalala wapi? Muombe mzee anifungulie, basi, nikae kwangu. Luka akaomba. Jibu likarudi kwamba mzee amekataa. Sababu? Hakusema sababu. Sasa itakuwaje? Tutaona, akasema Luka.

Hiyo "tutaona" ya Luka, Tupokigwe anaifahamu vizuri. Maana yake ni kwamba utaona peke yako.

Basi akabeba godoro akaenda kwa Loisi. Lilimuuma. Hakuumizwa na kulala chini, maana kulala chini amelala sana. Aliumizwa na kukataliwa. Miaka yote hiyo ya kuchepuka kwenye umande, na leo mzee anaona hastahili hata bonge la chumvi. Aliyekuwa upande wake ni wifi yake Judith, dada mkubwa wa Luka, mwenye shamba lake huko Mbozi. Judith alikuwa akishika bango kila simu: mzee amfungulie huyu mwanamke, mambo yawe mepesi. Tupokigwe akamshukuru Mungu kwa kumpa wifi mwenye huruma.

Kazi ya Tupokigwe ni kubandua. Ukiwa Tunduma kioo cha gari kikazama mlangoni, spika ikafa, au redio ikaanza kukoroma, utaelekezwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya yadi ya magari yanayosubiri kuvuka. Magari hayo yametoka bandarini, yanakwenda Zambia na Kongo kwa matajiri wanaoyasubiri, na madereva wanaoyapeleka wana hofu moja, kwamba gari lifike na mkwaruzo. Fundi mwenye bisibisi atakufungulia kava la mlango sasa hivi, ndiyo, na atakuachia alama kwenye plastiki kama amepita panya. Klipu zitakatika, kava litarudishwa likiwa linacheza, na kuanzia siku hiyo mlango utakuwa unaongea kila unapopita kwenye tuta. Tupokigwe haachi alama. Madereva wa Zambia humwita bamayo, yaani mama, na wengine huvumilia kumsubiri hata akiwa na magari mengine mbele yao.

Vifaa vyake vyote ukivijumlisha havifiki bei ya chakula cha mchana. Ana kipande cha bomba la maji alilolilainisha motoni akalipiga bapa. Ana mpini wa mswaki wa zamani aliousugua mpaka ukawa mwembamba. Na ana kabari za mti wa kahawa, ndizo anazozipenda. Zile seti za plastiki zenye rangi nzuri zinazouzwa dukani alishawahi kununua. Baridi ya Tunduma ikazikausha, zikawa zinakatika kama biskuti. Mti wa kahawa haukatiki. Ni mgumu, hautoi nyuzi, na ukiupiga msasa unateleza kwenye plastiki bila kuichubua. Klipu, huwa anasema, haing'olewi kwa hasira. Kwanza unatafuta skrubu zilizofichwa, maana aliyezificha hakuzificha bure. Halafu unaanzia pembe ya chini, unaingiza kabari karibu kabisa na klipu, unaizungusha kidogo, unasikiliza. Ikisema tap, unahamia ya pili.

Miti yenyewe humletea Luka. Kila wakipogoa kahawa huko kwao, akipitia nyumbani hurudi na kifurushi cha fimbo fupi, zimemenywa gome, zimekaushwa kwenye moshi wa jikoni mpaka zimekuwa na rangi ya chai ya rangi. Huzitupa mlangoni akasema, zako hizo. Tupokigwe hakuwahi kuuliza nani anazimenya. Unapokuwa umechoka unapokea kinacholetwa, unaendelea na kazi.

Na amechoka, jamani. Vidole vinakakamaa asubuhi, bega la kulia linalia usiku, watoto wako shule ya bweni na mahitaji ya bweni hayana likizo. Jumapili ile hata kanisani hakwenda. Loisi alikwenda, yeye akabaki kupika maharage ya mgeni ambaye hatakiwi kumwona.

Gari liliingia uani wakati maharage yanakaribia kuiva. Tupokigwe akavuta kitenge kichwani, akasogea nyuma ya uzio. Lilikuwa gari dogo jeupe la kijana mmoja wa kijijini kwao aitwaye Clever, mfanyabiashara wa viazi, na gari ndilo utajiri wake wa kwanza. Milango yake bado ilikuwa na nailoni, ile inayokuja nayo. Sisi watu wetu hatutoi nailoni. Gari litatembea mpaka liote kutu, mgongo utakuchemka kwa jasho, lakini nailoni itakaa, ili anayepanda ajue kwamba hiki kitu kilinunuliwa kikiwa kizima. Clever alikuwa amekubali kumleta mzee kwa sharti la kwamba gari lisichafuliwe, na alilirudia sharti hilo, Judith alisema baadaye, kuanzia Ileje mpaka Mpemba, hapo karibu na Tunduma.

Judith akashuka. Clever akashuka, akazunguka kumfungulia mzee mlango wa mbele. Mlango haukufunguka.

Ukavutwa tena. Kishikio cha nje kilikuwa kinapanda na kushuka bila kushika kitu, kama jino lililooza. Cha ndani kilishakufa zamani, Clever alikuwa hajakitengeneza kwa kuogopa mafundi wa bisibisi. Asubuhi, wakati wa kumpakia mzee, mlango ulikuwa umegongwa kwa nguvu ili ufunge vizuri, na hapo ndipo kilichobaki kilipochomoka. Mzee Anania alikuwa amekaa ndani, kiti kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, mguu wa plasta umenyooka chini ya dashibodi, katikati kuna gia na breki ya mkono. Kumtoa kupitia upande wa dereva kulihitaji mguu unaokunja. Mguu wake ulikuwa haukunji.

Wakateta, wakavuta, wakagonga. Mwishowe Judith akazunguka uzio, akamkuta Tupokigwe amesimama na mwiko wa maharage. Akamweleza yote, halafu akateremsha sauti. Mzee amebanwa na haja ndogo tangu Mpemba. Ameona aibu kusema, amesema sasa hivi, na kwa jinsi alivyosema, mambo yamefika shingoni.

Tupokigwe alitaka kucheka, akakuta machozi ndiyo yaliyo karibu. Wa kuufungua mlango ule bila kuuvunja alikuwa yeye. Mafundi wengine walikuwa kanisani, na wa kanisani angemwita nani, akamsubiri mpaka lini? Na yeye kuufungua ilikuwa ni kuinama juu ya mapaja ya baba mkwe, kichwa chake chini ya kidevu cha mzee. Jambo la namna hiyo halifanyiki hata mzee akiwa maiti.

Huku nyuma Clever alikuwa ameingia na bisibisi kupitia mlango wa dereva. Tupokigwe hakumwona, ila alisikia nailoni ikichanika, kisha ile sauti anayoichukia kuliko zote, ya chuma kikiuma plastiki. Kisha mzee akaguna kwa maumivu, maana kijana alikuwa amemwegemea mguu. Clever alikuwa ameona mkwaruzo kwenye mlango wake, na nguvu zote zilikuwa zimemwisha.

Tupokigwe akaweka mwiko chini. Akaingia kwa Loisi, akachukua mfuko wake wa kazi, akampa Judith akauweke juu ya boneti. Akasema Clever atumie kabari, si chuma. Lakini Clever hakutaka tena kugusa. Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani ya gari, kavu, haina haraka.

"Nileteeni mimi," alisema mzee Anania. "Mguu ndio umevunjika. Mikono ninayo."

Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Mzee atabandua mlango kutokea ndani. Tupokigwe akaja akasimama nyuma ya gari, karibu na buti, ameligeuzia mgongo, kitenge kimefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Alimnong'oneza Clever la kufanya, na Clever akaenda dirishani kumwambia mzee. Heshima ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa Clever. Aliambiwa waanzie pembe ya chini, akafika dirishani akasema aanzie juu, kwa sababu juu ndiko alikokuwa anauangalia mkwaruzo wake. Mzee akatii. Klipu ikalia kra, ikakatika, na Tupokigwe akafumba macho.

Mzee akaacha. Akasema huyu kijana anasema yake. Mwenye kazi aseme mwenyewe.

Hakuwa amemfungulia, kufungulia si maneno. Lakini haja ya mtu haisubiri mila, na Tupokigwe alikuwa anaifikiria aibu ya yule mzee kuliko yake. Akapata njia. Akaligeukia gari lenyewe, au tuseme aliusemesha upepo uliokuwa mbele yake, maana mgongo hakuugeuza.

"Wewe gari," alisema, "kwenye mkono wako wa kuvutia mlango kuna kifuniko kidogo. Chini yake kuna skrubu. Anayekufungua aanze hapo."

Mara ya kwanza sauti ilimtoka nyembamba. Kutoka ndani kifuniko kikasikika kikitoka. Akaendelea. Akalieleza gari kwamba lina skrubu ya pili nyuma ya kishikio chake kilichokufa. Akalieleza kwamba swichi ya vioo inanyanyuliwa kwa kabari nyembamba kutoka nyuma kwenda mbele, taratibu, ina waya chini yake. Akalikumbusha kwamba anayelibandua asivute, azungushe, kwamba lina klipu tatu chini na mbili upande wa kiti, na kila moja itasema yenyewe ikiwa tayari. Judith alijiziba mdomo kwa kucheka. Ndani ya gari ikasikika tap. Halafu tap nyingine. Mzee alikuwa na mkono mzuri, hakuharakisha hata katika hali ile, na Tupokigwe alijikuta anahesabu naye kimoyomoyo kama anavyohesabu akiwa kazini peke yake.

Katikati ya klipu, mzee akasimama. Tupokigwe akadhani amezidiwa. Kumbe alikuwa anaigeuza kabari mkononi, anaipitisha kidole gumba. Akauliza, bila kusema anamuuliza nani, kama huu si mti wa shamba lake. Judith akajibu kwa niaba ya wifi yake kwamba ndiyo, ni ile miti ya Luka. Mzee akasema Luka hajui hata kushika kisu. Aliimenya yeye, akiota moto, akaining'iniza darini kwenye moshi. Aliambiwa kuna mwanamke Tunduma anapenda mti huo, hakuambiwa wa nini. Akafikiri labda anapikia.

Tupokigwe alisimama palepale na mgongo wake. Kwa hiyo mikono iliyokataa kumpa bonge la chumvi ndiyo iliyokuwa inammenyea miti misimu yote hiyo. Hakuelewa. Hakuwa na nguvu za kuelewa vilevile, akalimalizia gari maelekezo yake: kava linyanyuliwe juu litoke kwenye ukingo wa kioo, nailoni ya ndani ikunjwe pembeni bila kuchanwa, na hapo kitaonekana kichuma chembamba kama spoku ya baiskeli, kimechomoka kwenye kishikizo chake. Kisukumwe kwenda chini.

Mlango ukafunguka.

Tupokigwe alikimbilia nyuma ya uzio. Clever akaleta kopo, Judith akatandaza kitenge kuwa pazia, na wakati wote huo Tupokigwe alitazama maharage yalivyoshika chini ya sufuria. Alipoitwa arudi, alirudi akasimama mahali pale pale, karibu na buti. Ilibaki kumwingiza mzee ndani. Clever alikuwa anapima mkwaruzo kwa kucha. Judith alikuwa ametundika mkoba begani, na ndipo Tupokigwe alipouona vizuri mkoba huo kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mkoba mdogo wa kwenda sokoni. Mtu anayekuja kuuguza hatembei na mkoba wa namna hiyo.

Judith akaanza kueleza, haraka haraka, kwamba mgongo wake si mzima, kwamba Clever anageuza leo hii na yeye hana usafiri mwingine, kwamba mahindi yako shambani yanaliwa na ngedere. Ila jambo ni dogo. Baba amfungulie tu Tupokigwe hapahapa, sauti yake ameshaisikia, kuna nini tena? Amfungulie, yeye aondoke na roho nyeupe.

Mzee Anania akamwita mkamwana wake kwa jina. Hakuwahi kumwita kwa jina.

"Tupokigwe. Luka alipoleta ombi lako nilikataa, ukaona nimekudharau. Sikukudharau. Ukiwa mkamwana, huwezi kuninawisha wala kumwaga ndoo yangu. Itabidi mwanangu ashuke kwenye lori lake, itabidi huyu binti yangu akae. Siku nikikufanya binti, wote hawa wataondoka, nitabaki mikononi mwako peke yako. Mimi najua watoto niliowazaa."

Judith akaukaza mkoba begani.

"Kabari yako hii," mzee akaendelea. "Nikiiweka chini, utaiokota, tutabaki tulivyokuwa. Nikikupa mkononi, ndiyo basi. Useme wewe. Mimi nimechoka."

Tupokigwe alisimama na upepo wa mwezi wa sita unampiga usoni. Alikuwa ameomba mlango ufunguliwe, na leo anaonyeshwa kilichokuwa nyuma yake. Akisema weka chini, atabaki kwa Loisi, kwenye godoro la sakafuni, anapika huku na kupitisha sahani kwa watu wengine, na Luka atakasirika, na Judith atanuna, lakini watakuja, itawabidi. Akipokea, atalala kwenye kitanda chake, na ataamka usiku kumgeuza mzee, ataamka alfajiri kwenda kubandua milango ya watu. Aliupima uchovu wa upande huu na uchovu wa upande ule. Haukuwa na tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa nyumba.

Basi akageuka.

Mzee alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Shingo ilikuwa imekwisha, koti la harusi lile lile sasa lilikuwa linamvaa yeye. Suruali ilikuwa imelowa kidogo pajani, kopo lilikuwa limechelewa, na alikuwa ameifunika kwa kiganja. Mkono mwingine ulishika kabari. Alimtazama mkamwana wake kisha akaona haya, akateremsha macho yeye, mzee, kana kwamba ndiye anayetakiwa kuchepuka.

Tupokigwe akapiga magoti kwenye vumbi kando ya mlango, akatoa mikono yote miwili kama mtoto anavyopokea kwa mzazi. Mti ulikuwa na joto la kiganja cha mzee.

"Nimepokea, baba," alisema.

Akaitia kabari kwenye mfuko wa aproni. Akanyanyuka, magoti yakalia. Akamwambia Clever asilie, mkwaruzo ataupunguza, klipu anazo, kava litarudi jioni kabla hajaondoka na hakuna atakayejua. Kisha akamgeukia wifi yake, na sauti ile iliyokuwa nyembamba mwanzoni ilikuwa imeshapata njia.

"Nimekuwa binti wa nyumba hii, wifi, sawasawa na wewe. Weka mkoba ndani. Mimi nitashika mabega, wewe shika mguu, taratibu. Ndoo ya leo yangu, ya kesho yako. Na nipe hiyo simu, Luka naye apangiwe siku zake."

Judith alimtazama baba yake. Mzee Anania alikuwa ameangalia pembeni, anasubiri kubebwa. Judith akateremsha mkoba begani, akaupeleka ndani, akarudi akainama kwenye mguu.